UZI: Kutembea na kisu Marekani, kila jimbo na lake, kila jiji na lake (madereva wa trela na wabeba boksi pitieni hapa)

Mzee wa I-80

Wakuu habari za wikiendi. Nimeamua kushusha huu uzi kwa sababu juzi kwenye grupu letu la madereva kuna dogo aliuliza kaswali kafupi tu, "jamani Marekani kisu kinachoruhusiwa ni inchi ngapi?" Basi bwana majibu yaliyoshuka pale ni vichekesho, mmoja anasema tatu, mwingine nne, mwingine eti kisizidi upana wa kiganja (hii ya kiganja nimeisikia toka naingia nchi hii na sijawahi kuiona kwenye sheria yoyote), mwingine akamaliza kabisa "beba hata panga, huku ni haki ya kikatiba". Dogo akashukuru akaondoka. Na dogo mwenyewe ruti yake ni Dallas mpaka New Jersey, sasa fikiria amevuka majimbo mangapi na hayo majibu kichwani.

Lile swali halina jibu moja. Hakuna sheria moja ya kubeba kisu Marekani nzima. Kuna sheria chache za serikali kuu, halafu kila jimbo lina zake, halafu ndani ya jimbo jiji nalo linaweza kuwa na zake kali kuliko jimbo, na hapa kwenye jiji ndipo watu wengi wanapokamatika.

Nianze na serikali kuu niimalize haraka. Kuna sheria ya 1958 ya visu vya kufyatuka, vile vya kubonyeza kitufe kwenye mpini kinaruka chenyewe. Hiyo inahusu zaidi biashara ya kuvuka majimbo na kuwa navyo kwenye ardhi ya serikali kuu na maeneo ya wenyeji asilia, haikufuati nyumbani kwako Tennessee. Mwaka 2009 wakairekebisha baada ya watu wa forodha kutaka kuviingiza humo hata visu vya kawaida vya kukunja vyenye springi ya kusaidia, vile unasukuma kidogo na dole gumba springi inamalizia. Bunge likasema hapana, hivyo vitoke. Ukiacha hiyo kuna majengo ya serikali kuu, ofisi za soshosekyuriti (hifadhi ya jamii), ofisi za uhamiaji unakoenda intavyuu, humo sheria inavumilia kisu cha mfukoni chenye makali chini ya inchi 2.5 (kama sentimita 6 na kitu) na hata hicho mlinzi wa mlangoni anaweza kukikataa, sasa ya nini kuanza siku yako ya intavyuu kwa kubishana na mlinzi, acha kwenye gari. Kwenye ndege kabini hakuna kisu kabisa, mwaka 2013 walitaka kuruhusu vile vidogo vidogo wahudumu wa ndege wakakataa katakata ikafutwa kabla haijaanza.

Sasa majimbo. Jimbo linaangalia vitu kadhaa kwa pamoja na kila moja linavichanganya kivyake: kisu ni cha aina gani (cha kukunja, cha ala kisichokunjika, cha kufyatuka, chenye makali pande mbili), makali yana urefu gani, umekificha au kinaonekana, uko wapi, na ulikibeba kwa nia gani. Ukiuliza inchi peke yake umeuliza robo ya swali.

Mfano Texas, maana ndio dogo anaanzia hapo. Zamani Texas, pamoja na ubabe wote ule wa kofia na mabuti, kisu kikubwa kilikuwa haramu kutembea nacho. Toka tarehe 1 Septemba 2017 mtu mzima anabeba chochote, ila kikizidi inchi 5.5 (sentimita 14) kuna sehemu hauingii nacho: shule, mahakamani, kituo cha kupigia kura, baa, hospitali, viwanja vya mechi, mbuga za michezo za kulipia (orodha ya 2017 ilitaja na nyumba za ibada). Georgia ndio wamejiachia kabisa, silaha kwao inaanzia makali yanayozidi inchi 12, zamani ilikuwa 5 wakabadilisha 2017, lakini eneo la shule inchi 2 tu tayari ni kesi. Colorado ukikificha kisizidi 3.5. Unaona hapo, majimbo matatu, namba tatu, na hata hizo namba zinapima vitu tofauti.

Halafu nenda California na New York ucheke. California kisu cha kukunja ukishakifunga tia mfukoni hata kiwe kirefu, hakuna shida (isipokuwa cha kufyatuka, hicho kikifika inchi 2 basi). Ila kisu cha ala, kile kisichokunjika, UKIKIFICHA ni kosa ambalo mwendesha mashtaka anaweza kulipeleka hadi feloni (kosa kubwa la jinai), lazima kining'inie kiunoni kwenye ala yake watu wakione. Sawa. Unaingia jiji la New York, kule kosa ni KUKIONYESHA. Jiji limesema makali yakifika inchi 4 marufuku hadharani, na hata kifupi kisionekane kwa watu isipokuwa uko kazini au unaenda kazi inayokihitaji, au uwindaji na uvuvi na mambo kama hayo. Yani ukitoka Sacramento umekining'iniza kama sheria inavyotaka ukashuka nacho hivyohivyo Manhattan umeshavunja sheria bila kubadilisha hata mkanda.

Na usidhani ndani ya California kwenyewe kuna nafuu. Los Angeles jiji limekataza kubeba wazi kisu chenye makali ya inchi 3 kwenda juu. Jimbo linasema cha ala usifiche, jiji linasema kikubwa usionyeshe. Kama haiko kazini, michezo ya porini au dini, hicho kisu mahali pake ni nyumbani, hakuna namna nyingine ya kukibeba mjini pale.

Nitaendelea, nipo loading dock wananiita.

msela_wa_tabata

Mkuu umetisha. Mi niko Bongo ila napitia tu. Sasa hao wote wenye bunduki mtaani wanaogopa kisu cha kumenyea machungwa?

Nyeri2Seattle

@msela wueh, hiyo joke yako imefika mahakamani huku na si joke. Mimi niko Seattle. Kuna jamaa mmoja alisimamishwa na polisi kwa speed, polisi akamuuliza uko na silaha, akasema niko na kisu kwa mfuko. Kilikuwa kile kisu kidogo cha jikoni cha kumenya viazi. Akashtakiwa, kwa sababu Seattle kisu chochote kisichokunjika hata kiwe fupi aje, ama chochote chenye makali kupita 3.5, ni "kisu hatari" kwa sheria ya city. Akapeleka mpaka Supreme Court ya Washington State akisema haki ya silaha ya katiba inamlinda. 31 Desemba 2015 wakamjibu, majaji watano kwa wanne: kisu cha kumenya ni chombo cha jikoni, si silaha ile katiba inalinda, so city iko na ruhusa ya kukukataza.

Yaani ni hatari ya kutosha kukushika nacho lakini si silaha ya kutosha kukulinda nacho. Nilisoma hiyo nikafunga simu nikaenda kulala.

Ndio maana hao wasee wetu wa catering, wale wanapika nyama choma kwa harusi na chama, nawaambia kila siku visu zifungwe kwa ile roll yake ziingie kwa boot ya gari, usitembee na moja kwa mfuko wa apron ukienda kununua barafu.

Mzee wa I-80

Nimerudi. @Nyeri2Seattle hiyo kesi ndio nilitaka kuigusa, shukrani, umeieleza kuliko ambavyo ningeieleza mimi.

Na ndio inajibu lile la "haki ya kikatiba". Ni kweli upepo umebadilika baada ya Mahakama Kuu ya nchi kutoa uamuzi wa kesi ya Bruen 2022 kuhusu haki ya kubeba bunduki. Massachusetts tarehe 27 Agosti 2024 mahakama yao ya juu ilifuta katazo la visu vya kufyatuka lililokuwepo toka miaka ya 50. Kesi yenyewe ilianza na ugomvi wa mtu na mpenzi wake Boston 2020, polisi wakamkuta na kisu cha rangi ya chungwa chenye umbo la bastola. Wakasema kisu nacho ni silaha inayolindwa, shtaka likafutwa. Safi. Lakini jiji la Boston lina kanuni yake ya makali yasiyozidi inchi 2.5, na uamuzi ule ulihusu katazo la jimbo la kile cha kufyatuka. Kwa hiyo mtu aliyesoma kichwa cha habari tu akaenda kununua kisu kirefu akatembea nacho Boston bado anaweza kusimamishwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza inchi, uliza kwanza: hili jimbo linaruhusu miji kujitungia sheria za visu au limeizuia? Arizona walikuwa wa kwanza kuizuia miji, 2010. Georgia wakafuata, Texas wakafuata, Ohio 2022. Humo ukiijua sheria ya jimbo umemaliza, Columbus haiwezi kukuletea ya kwake. Majimbo mengine jiji lina mdomo wake. Pennsylvania ndio mfano wangu wa siku zote kwa madereva: jimbo lilihalalisha visu vya kufyatuka kuanzia Januari 2023, watu wakashangilia, ila wakati huo Philadelphia ilikuwa na kanuni ya jiji iliyokataza kisu barabarani karibu chochote kile, waliokwepa ni wale waliokitumia kazini muda huohuo, na adhabu yake ilikuwa na siku 90 za ndani. Chicago kadhalika, ukikificha kisizidi inchi 2.5, wakati sheria ya jimbo la Illinois haina namba hiyo.

Boksi la Bronx

Kwa New York niongezee historia kidogo maana mi nimekuwa huku kipindi kile chote cha kisu cha kudondosha.

Kulikuwa na sheria ya jimbo ya 1958 inayokataza kisu ambacho ukikitikisa au kukielekeza chini makali yanatoka yenyewe kwa uzito. Ilitungwa kwa ajili ya visu vya wanajeshi wa Ujerumani waliokuwa wanaruka na miavuli wakati wa vita. Sasa polisi wa jiji wakaigeuza: wanachukua kisu chako cha kukunja cha kawaida, cha kazini, kimenunuliwa dukani na risiti ipo, wanakikung'uta kwa kifundo cha mkono, kikifunguka hata mara ya tatu, twende. Mafundi umeme, watu wa stejini, wabeba boksi kama sisi, stoo kipeeri. Waliokamatwa wengi weusi na walatino, nani angekuwa. Na unakuta mfuko wa suruali kuna kale kachuma ka kushikizia kisu kanaonekana kwa nje, ndio polisi anakaona hapo kwenye ngazi za treni, habari imeisha.

2010 mwendesha mashtaka wa Manhattan akabana maduka makubwa yaliyokuwa yanaviuza, wakalipa hela wakaendelea na maisha. Bunge la jimbo likapitisha kufuta mara mbili, gavana Cuomo akakataa mara mbili. Machi 2019 jaji wa federali akasema katazo lile lina utata mno kiasi kwamba mtu hawezi kujua kisu chake kiko upande gani, na tarehe 30 Mei 2019 gavana akasaini kufuta. Sasa hivi halipo. Ila inchi 4 za jiji zipo, na la kutoonyesha lipo, kwa hiyo kale kachuma mfukoni bado ni mwaliko. Mi changu kinakaa ndani ya begi la kazi, chini ya chakula.

Karani wa Sheria

Nafanya kazi ofisi ya wakili wa uhamiaji, naona watu wanaongelea faini na siku za ndani tu, kwa mtu asiye na pasipoti ya Marekani hayo ni madogo.

Kwanza New York hiyohiyo. Kwenye sheria yao ya makosa ya silaha, kifungu 265.01, kuna kipengele kinasema mtu asiye raia kuwa na silaha hatari ni kosa. Ndio, asiye raia. Raia akikutwa na kitu kilekile wanatakiwa kuthibitisha nia mbaya, wewe wa grinkadi kipengele kinakuangalia hadhi yako. Mawakili wanakipinga na wana hoja nzito, ila kupinga maana yake tayari uko mbele ya jaji.

Pili fomu ya kuomba uraia inauliza kama UMEWAHI kukamatwa, kupewa samansi au kushtakiwa popote. Haijali kesi ilifutwa. Unaandika, unaambatanisha karatasi za mahakama. Wanaoficha ndio wanaharibu, maana alama za vidole zinaongea, na hapo shida inahama kutoka kisu inakuwa uongo.

Tatu, na hii madereva muikariri. Kuna kesi inaitwa Padilla v. Kentucky ya tarehe 31 Machi 2010. Yule bwana alikuwa dereva wa lori, mzaliwa wa Honduras, ana grinkadi zaidi ya miaka 40, alipigana Vietnam upande wa Marekani. Alikamatwa Kentucky na bangi kwenye lori, wakili wake akamwambia kubali kosa usiwe na wasiwasi na uhamiaji, umekaa muda mrefu. Akakubali, wakataka kumrudisha. Mahakama Kuu ikasema wakili wa jinai ANAWAJIBIKA kumwambia mteja asiye raia kama kukubali kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Ile ilikuwa bangi sio kisu, lakini haki ni ileile. Kwa hiyo ukipewa wakili wa bure pale mahakamani, sentensi yako ya kwanza iwe "mimi sio raia". Usisubiri akuulize, ana mafaili mengi mkononi. Na wakikwambia "kubali tu ni kosa dogo ulipe uende nyumbani", hapo ndipo pa kusema naomba muda.

Makosa ya kisu mengi hayamfukuzishi mtu yenyewe kama yenyewe. Kinachobadilisha ni lile neno "kwa nia ya kumdhuru mtu". Likiingia kwenye shtaka, picha inakuwa nyingine kabisa.

Mzee wa I-80

Karani Mungu akubariki, hapo kwenye nia ndipo nilikuwa nakuja.

Polisi akikusimamisha atakuuliza "una silaha yoyote humu ndani?" Sisi tuliokulia nyumbani tunajua kumjibu mkubwa kwa heshima na maelezo marefu, basi dereva anaanza, "afisa nina kakisu tu hapa, unajua hizi rest area usiku kuna wahuni, kwa hiyo nakaweka karibu kwa ajili ya kujilinda". Basi. Ulikuwa na kifaa cha kukatia kamba, sasa una silaha, na umeipa jina hilo mwenyewe mbele ya kamera ya kifuani. New Jersey kwa mfano sheria yao inauliza kama mazingira yanaonyesha wazi matumizi halali. Kisu kwenye boksi la vifaa pamoja na glovu, tepu na kamba kinajieleza chenyewe. Kisu hichohicho chini ya mto kitandani kwenye kabini hakijielezi.

Simaanishi udanganye. Kudanganya polisi ni shimo lingine. Kama ni cha kazi sema ni cha kazi, kiko wapi, mikono kwenye usukani, na nyamaza. Akiomba kupekua una haki ya kusema sikubali, kwa adabu, na usimzuie akiamua kupekua, hayo atayajibu wakili.

Michigan msimamo wao kwenye gari ni mkali peke yake. Jambia, kisu chenye makali pande mbili kisichokunjika, urefu wowote ule, ndani ya gari ni feloni hadi miaka 5, kiwe kimefichwa au kiko juu ya dashibodi kinang'aa. Kisu cha kuwindia kilichobebwa kama cha kuwindia wamekitoa. Na wale wa Detroit mnaovuka daraja kwenda Windsor, Canada visu vya kufyatuka na vile vya kufunguka kwa kukung'uta mkono ni marufuku kabisa kuingiza, wanachukua na wanaweza kukushtaki. Usiseme ni halali Michigan, hawatakuelewa.

Mdogo wa Dallas

Mimi ndio yule dogo wa kwenye grupu 😂 mzee umenianika. Swali, si kuna sheria ya kukulinda ukiwa unapita tu jimbo bila kusimama? Jamaa yangu ana bastola anasema anavuka nayo kote mradi imefungwa.

Mzee wa I-80

Jamaa yako yuko sahihi kwa bastola (kwa masharti yake, haina risasi, haifikiwi na mkono). Hiyo ni sheria ya 1986, na inataja bunduki tu, kisu hakimo. Watu wa visu wamepeleka muswada Congress mara kibao wa kupewa ulinzi kama ule, haujawahi kuwa sheria. Kwa hiyo bunduki ina njia ya kupitia na kisu hakina, ndio nchi ilivyo.

Wewe kwa ruti yako beba cha kukunja cha kawaida, kisicho na kitufe, makali chini ya inchi 2.5 kama unataka amani ya moyo kote huko, kifungwe, kikae kwenye boksi la vifaa la nje ya kabini. Kwa kukatia plastiki ya paleti za mizigo kinatosha kabisa. Hata kile cha kukatia maboksi cha blade za kubadilisha kinatosha. Mambo ya kisu cheusi cha kikomandoo chenye fuvu kwenye mpini waachie watu wa sinema, polisi na jaji nao wana macho.

Mama Furaha KY

Asante sana kwa hii mafundisho. Mie ni mukongomani niko Louisville. Mtoto yangu wa darasa la saba alienda ku shule na kale kakisu kadogo ka kushikana na funguo, baba yake alimupatiaka ya kumenya matunda. Mwalimu alikaona, wakamufukuza siku kumi, na wakaita polisi ya shule. Mutoto analia, mie sikuelewa hata karatasi yenye walinipa. Je hii inabaki ku jina yake?

Karani wa Sheria

Pole sana mama. Kuna mambo mawili tofauti hapo. Adhabu ya shule ni ya shule, inaenda kwa kanuni zao, na mara nyingi kanuni za shule hazina inchi, kisu ni kisu. Una haki ya kuomba kikao, na una haki ya mkalimani wa Kiswahili wa bure kwenye kikao na kwenye zile karatasi, shule inayopokea hela ya serikali kuu inatakiwa kukupa, usikubali mtoto ndio akutafsirie kesi yake mwenyewe. La pili ni polisi: uliza kwa maandishi kama wamepeleka ripoti mahakama ya watoto au iliishia shuleni. Kama imeenda mahakamani tafuta wakili kabla mtoto hajahojiwa tena. Na shirika lililowapokea mlipofika mara nyingi lina orodha ya mawakili wa bure, anza hapo kesho asubuhi.

Binti Unguja Houston

Assalam aleikum wote. Na sisi tuna letu. Kaka yangu anaoa mwezi ujao, nikaha msikitini halafu ukumbini, na mjomba kashikilia bwana harusi avae joho na jambia kama alivyovaa marehemu babu. Jambia lipo Zanzibar, la babu mwenyewe, mjomba anakuja nalo. Sasa nasoma hapa nyumba za ibada nasikia mwili unasisimka. Itakuwaje?

Mzee wa I-80

Waaleikum salaam dada, hongereni. Pima makali kuanzia ncha mpaka yanapoingia kwenye mpini. Yakiwa hayazidi inchi 5.5 Texas haina neno nalo. Yakizidi, kabla ya kuingia nalo msikitini muulizeni wakili kama nyumba za ibada bado zimo kwenye ile orodha, huko ukumbini kama si baa na si moja ya zile sehemu nilizotaja juu mvalishe, na ongea na wenye ukumbi mapema wasije kuita mtu. Ingekuwa Michigan ningekwambia lisahau kabisa, makali pande mbili na lazima lipande gari. Na California lisijifiche chini ya joho.

Safari: begi la chini la ndege, kamwe sio la mkononi, limefungwa vizuri kwenye ala yake na nguo juu mkaguzi asijikate. Ila dada cha kuangalia kuliko makali ni mpini. Majambia ya zamani ya Oman na huko kwetu mwambao mengi yana mpini wa pembe ya faru au wa ndovu. Faru ni marufuku ya kimataifa, ndovu Marekani walibana sana toka 2016, forodha wakiutambua linabaki kwao na mjomba anabaki na maswali.

Binti Unguja Houston

Nimempigia mjomba sasa hivi. Anasema mpini hajui wa nini, "mweupe umepiga umanjano".

Mzee wa I-80

Libaki Zanzibar dada. Kodisheni la mpini wa mbao hapohapo Houston.